Nguo za Kupanda Mlimani

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima, Karagwe na Kyerwa

Mwalimu, tafadhali weka chaki karibu, maana leo tutakuwa na maneno manne ya kuandika ubaoni.

Juma lililopita nilipata barua kutoka darasa moja la upande wa Kyerwa. Imeandikwa kwa mkono wa mwanafunzi mwenyewe, herufi kubwa kubwa lakini zasomeka vizuri, nami nilifurahi sana. Aliyeandika asema kwamba yeye na mwenzake wamepata habari ya kazi ya upagazi katika mlima Kilimanjaro wakati wa kiangazi. Wameambiwa waende Moshi, kila mmoja na nguo zake za baridi. Basi auliza hivi: "Bwana Elimu, nguo za baridi ni nguo gani? Mimi ninalo kabuti la baba, suruali nzito ya jinzi, na gambuti. Je, zatosha?"

Ndugu yangu, nakujibu mbele ya watu wote, kwa sababu najua wapo wengine wenye swali hilohilo. Kabuti huenda likafaa, tutalitazama. Jinzi haifai. Gambuti hazifai. Nami sitaki ukubali kwa kuwa nimesema tu. Nataka ujue sababu, ili ukifika gulioni uweze kuchagua mwenyewe.

Kwanza tufanye hesabu kidogo. Sisi watu wa Karagwe na Kyerwa twadhani tunaijua baridi. Asubuhi ukungu hujaa mabondeni, mtu hujifunika shuka akaenda kuota moto jikoni. Lakini baridi ya mlimani ni jambo jingine. Kwa makadirio, kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama digrii 6. Tuseme nyumba yako iko mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, kama zilivyo nyumba nyingi za vilima vyetu, na usiku joto ni digrii 15. Kilele cha Uhuru, pale Luteni Alexander Nyirenda aliposimika bendera na mwenge mwezi wa Desemba 1961, kina mita 5,895. Toa 1,600, unapata karibu 4,300. Hiyo ni mara 4 na kidogo, na kila mara moja ni digrii 6. Jumla ni kama digrii 26. Sasa toa 26 katika 15. Haitoki! Unakwenda chini ya sifuri, digrii 11 chini, nayo sifuri ndiyo baridi inayogandisha maji.

Utasema, "Mimi ni mpagazi, siendi kileleni." Kweli, wapagazi wengi hubaki kambini wakati wageni wanapokwenda kileleni. Lakini katika njia ya Marangu kambi ya mwisho ni Kibo, nayo iko karibu mita 4,700. Fanya hesabu ileile, utaona usiku wake unaweza kufika digrii 4 chini ya sifuri. Na hapo hatujauhesabu upepo.

Watu wa zamani waliijua habari hii kwa gharama. Mwaka 1848 mmisionari mmoja Mjerumani, jina lake Johannes Rebmann, alikuwa safarini akauona mlima ule kwa mbali, na juu yake kitu cheupe kama wingu. Akamwuliza kiongozi wake, kile ni kitu gani? Kiongozi akamjibu neno moja tu: baridi. Rebmann akafahamu kuwa ni theluji, na huko Ulaya mabwana wenye elimu walikaa miaka mingi wakimbishia. Baadaye Rebmann alisimuliwa habari ya mtawala mmoja wa Machame aliyetuma watu wapande wakaone ule weupe ni nini. Aliyerudi ni mmoja tu, na mikono na miguu yake ilikuwa imeharibiwa na baridi.

Hata Mzungu Hans Meyer, ambaye ndiye anayetajwa vitabuni kuwa wa kwanza kufika kileleni, alishindwa mara ya kwanza. Hiyo ilikuwa 1887. Alifika kwenye barafu, akaikuta kama ukuta, naye hakuwa na vifaa vya kupandia barafu. Akarudi. Mwaka 1889 akaja tena na Ludwig Purtscheller, mtu aliyezoea milima, wakiwa na kamba na mashoka ya kuchongea barafu, wakafika tarehe 6 Oktoba. Mlima ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni mzigo waliobeba na mtu aliyejua kuutumia.

Sasa sikilizeni jambo la msingi. Nguo haina moto. Watu wengi hudhani sweta hutoa joto. Si kweli. Chukua chupa ya maji baridi, ifunge katika blanketi, uiache. Itakaa baridi muda mrefu. Kama blanketi lingekuwa na moto, maji yangepata joto. Moto uko katika mwili wako, unatokana na chakula ulichokula. Kazi ya nguo ni kuzuia moto huo usitoke, na inayozuia hasa ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi. Mmewaona kuku asubuhi yenye baridi? Huyatutumua manyoya, wakaonekana wanene. Wanashika hewa. Kwa hiyo nguo mbili nyepesi, moja juu ya nyingine, huweza kushinda nguo moja nzito, maana katikati yake pana hewa.

Hewa hiyo ina adui wawili, maji na upepo. Upepo huipeperusha hewa ya moto iliyomo nguoni. Maji huingia katika nyuzi na kukaa mahali pa hewa, kisha huunyonya moto wa mwili upesi kabisa. Na maji hayo si ya mvua tu. Mtu aliyebeba mzigo mlimani hutoka jasho kama aliyeoga. Akipumzika dakika kumi, jasho lile humgeuka.

Hapo ndipo ilipo hatia ya jinzi. Jinzi ni pamba. Pamba ni nguo nzuri sana kwetu, hunywa jasho, nasi tunapendezwa nayo. Lakini hunywa maji mengi na haiyaachi. Mlimani ikilowa haikauki.

Nitawaeleza yaliyonipata, ingawa naona haya. Nilipokuwa mwanafunzi wa stashahada tulikwenda Kilimanjaro, vijana kadhaa, kwa njia ya Marangu. Nilivaa jinzi kwa sababu ilikuwa nzito na mpya, nikadhani uzito ni joto. Siku ya kwanza ni msitu mtupu, na manyunyu yalitunyeshea mpaka Mandara. Jinzi ikalowa. Nikaianika usiku, haikukauka. Siku ya pili Horombo, bado ina unyevu. Siku ya tatu Kibo, hivyo hivyo, na suruali nyingine sikuwa nayo. Saa sita za usiku tukaondoka kwenda kileleni. Suruali ilikakamaa miguuni kama bati. Kufika kwenye pango linaloitwa la Hans Meyer, mita 5,150 hivi, nilikuwa natetemeka hata siwezi kushika tochi, na kiongozi akaniteremsha. Kambini mpagazi mmoja, kijana wa umri wangu, ndiye aliyebeba mzigo wangu siku zote tatu, alifungua mfuko wake akatoa suruali kavu ya sufu akanivika. Ilikuwa suruali yake ya kulalia. Yeye alijifunga blanketi akakaa hivyo mpaka kulipopambazuka. Mimi nilikuwa na cheti na yeye hakuwa nacho, lakini jambo la kuweka nguo kavu alilijua yeye.

Basi mwandishi wa barua, hili uliweke akilini kuliko yote nitakayosema leo: nguo za kulalia hazivaliwi njiani. Hata ukilowa chepechepe njiani, hata ukishawishika, usiziguse mpaka umefika kambini. Suruali moja, fulana moja, soksi jozi moja, sweta moja. Zifunge zisipate maji. Ile karatasi ya nailoni iliyomo ndani ya gunia la mbolea, ukiiosha mara tatu kwa sabuni, yafaa sana kwa kazi hiyo. Usichukue mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, maana imepigwa marufuku nchini tangu 2019.

Sasa twende gulioni, tuseme Omurushaka au Nkwenda. Nguo za mlimani si lazima ziwe mpya. Katika mitumba hutoka nguo za nchi za baridi, na watu wa nchi hizo wanajua wanachovaa. Shida ni kwamba muuzaji akuambia kila nguo ni sufu. Usibishane naye. Geuza nguo, tazama ndani ya ukosi au ubavuni, utaona kitambaa kidogo kilichoshonwa chenye maandishi. Ndiyo lebo. Hapa ndipo kusoma kwako kutakapokufaa.

Mwalimu, andika ubaoni: COTTON. Wanafunzi, someni herufi moja moja. C, O, T, T, O, N. Ni neno la Kiingereza, maana yake pamba. Ukiliona katika suruali au fulana ya mlimani, irudishe.

La pili: WOOL. Herufi nne, na katikati O mbili. Hiyo ni sufu, nywele za kondoo. Sufu hata ikiwa na unyevu huendelea kushika joto kiasi, nayo haishiki harufu upesi. Ukipata sweta la sufu lisilo na matundu, usiliache. Litakuwasha shingoni siku ya kwanza, kisha utazoea.

La tatu: POLYESTER. Neno refu, mwalimu, ligawe vipande: POLY, ESTER. Ni nyuzi za kiwandani, ndugu wa plastiki. Hazinywi maji mengi, kwa hiyo hukauka upesi. Jezi nyingi za mpira zimeshonwa kwa nyuzi hizi. Naam, ile jezi yako ya timu yafaa kuvaliwa karibu na mwili kuliko fulana nzuri ya pamba! Yako pia masweta yenye manyoya mafupi, mepesi mkononi, yaliyofumwa kwa poliesta. Hayo ni mazuri mno.

La nne: NYLON. Nailoni. Hutumika sana kwa makoti ya kuzuia upepo na mvua.

Mara nyingi lebo ina maneno mawili na namba. Kwa mfano, 60 na alama ya asilimia, kisha COTTON. 40, kisha POLYESTER. Maana yake, katika kila sehemu 100 za nyuzi, 60 ni pamba na 40 ni poliesta. Pamba imeshinda. Iache. Na ikiwa lebo imekatwa? Weka tone la maji juu ya kitambaa. Likinywewa mara moja na kuacha doa jeusi lililotanuka, dhani kuwa ni pamba.

Koti la nje lina majaribio yake. Liweke mdomoni upulize kwa nguvu. Kama pumzi yapita upande wa pili kwa urahisi, upepo wa mlimani utapita vilevile. Halafu mwaga maji kidogo begani, usubiri, upapase ndani. Tazama mishono ya mabega, maana koti huvujia hapo kwanza. Fungua na kufunga zipu mara kadhaa. Zipu mbovu hapa nyumbani ni udhia, kule ni maradhi. Liwe pana, lipite juu ya sweta lako bila kubana.

Na kabuti la baba? Soma lebo yake. Kama ni sufu, likusaidie kambini wakati wa jioni. Lakini usitembee nalo. Ni zito, litakutoa jasho, na likinyeshewa litakuwa mzigo wa pili. Nawe una mzigo tayari. Taratibu za mlimani ni kwamba mzigo wa msafara usizidi kilo 20, na vitu vyako mwenyewe visizidi kilo 5. Mzigo hupimwa kwa mizani getini. Kwa hiyo pima nyumbani kabla ya kuondoka, kwenye mizani ya kahawa ikiwa hakuna nyingine, uone kilo zako 5 zimejazwa na nini.

Viatu. Gambuti ni viatu vya bondeni. Hazishiki kifundo cha mguu, hazipitishi jasho, na mpira wake hupoa kama jiwe. Tafuta buti zinazofunika kifundo, zenye kamba, na soli yenye meno makubwa. Zijaribu jioni, si asubuhi, kwa sababu miguu huvimba kidogo mchana. Vaa soksi nene. Sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse ncha. Nyuma ya kisigino ipatikane nafasi ya kidole kimoja cha mkono. Watu husahau kwamba mlima una kushuka, na wakati wa kushuka vidole hugonga ncha ya buti siku nzima. Waliovaa buti za kubana hupoteza kucha.

Ukiisha kuzinunua usizifiche sandukuni mpaka siku ya safari. Zivae shambani. Panda nazo vilima vyetu na ndoo ya maji au mkungu wa ndizi, juma baada ya juma, mpaka zikujue. Vilima hivi ni shule nzuri, tena ya bure. Speke, Mwingereza aliyekuwa mgeni wa Mukama Rumanyika mwaka 1861, aliviona vilele vya Mfumbiro kutoka hukuhuku Karagwe. Ukiwa juu ya kilima siku ya hewa safi, tazama upande wa magharibi, nawe huenda ukaviona.

Kichwa na mikono havihitaji fedha nyingi. Kofia ya sufu iliyofunika masikio. Glovu; na ukikosa glovu, soksi nene mbili mikononi hufanya kazi, ingawa watakucheka. Miwani ya jua usiidharau ukadhani ni ya kujionyesha. Jua la juu ni kali, na theluji hulirudisha machoni kama kioo. Macho huungua, mtu akashindwa kuona kwa siku moja au mbili.

Usiku, baridi mbaya hutoka chini. Watu hujifunika mablanketi matatu juu na chini wakaweka shuka tu. Tandika kwanza. Uzito wako huikandamiza nguo iliyo chini yako, hewa ikatoka, na ardhi ikanyonya moto wako usiku kucha. Godoro jembamba la sponji lililokunjwa ni jepesi kubeba. Chupa ya maji ilaze kichwa chini, kwa kuwa maji huanza kuganda upande wa juu; asubuhi utaikuta mdomo wake haujaziba. Betri za tochi lala nazo mfukoni, maana baridi huzidhoofisha.

Kama fedha haitoshi kwa vyote hivi, nunua buti na koti la nje kwanza. Vingine waweza kuazima. Mjini Moshi lipo shirika la kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, lililoanzishwa 2003, ambalo limekuwa likiwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo. Ufikapo ulizia, na urudishe ulichoazima. Na mtu akikuambia, "Twende hivyo hivyo, tutapata huko juu," usiende naye. Huko juu hakuna duka.

Nimalizie kwa dalili za hatari, kwani nguo nzuri haziponyi kila kitu. Mwenzako akitetemeka sana, mtoeni nguo zilizolowa, mvikeni kavu, mfunikeni pamoja na kichwa, mpeni chai ya moto yenye sukari nyingi. Akiacha kutetemeka huku bado ana baridi, akasema maneno yasiyoeleweka, akashindwa kufunga kifungo, hapo hakupata nafuu, amezidiwa. Aitwe kiongozi mara moja. Msimpe pombe. Najua kwetu husemwa kwamba rubisi au konyagi hupasha moto. Pombe huuleta moto wa mwili kwenye ngozi, mtu akajisikia vizuri, kumbe moto unatoka nje. Na mtu anayeumwa kichwa kikali, anatapika, anapepesuka kama mlevi, huyo ameshikwa na ugonjwa wa mahali pa juu. Sweta halitamsaidia. Dawa yake ni kushuka, usiku huohuo, bila kungoja asubuhi.

Mwanafunzi wa Kyerwa, safari yako bado ina majuma kadhaa, kwa hiyo wakati unao. Darasa zima lina kazi ya nyumbani. Kila mmoja aje na nguo moja yenye lebo, yoyote iliyomo nyumbani, shati, gauni au sweta la mtoto. Mwalimu atagawa nguo hizo, kila mtu apate isiyo yake, asome neno lililo juu yake na namba iliyo kando, kisha aseme kama angeivaa Kibo usiku au angeiacha nyumbani. Mkikuta neno lisilo katika yale manne ya leo, liandikeni kwa herufi zake zote, mnitumie, nami nitalieleza Alhamisi ijayo saa kumi na mbili za jioni. Kwaherini.